Chama chenu Uingereza kinataka kuchezesha droo? Namna ya kuisajili

Kabla hujagusa fomu yoyote, tazama kwanza ada ya uanachama. Tuseme chama cha wakusanyaji stempu kinatoza pauni 15 kama mwaka jana, na kila anayejiunga anaingizwa kwenye droo ya albamu. Kwa kawaida hiyo huhesabiwa kuwa droo ya bure chini ya Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, na hakuna kibali cha kuomba. Mkipandisha ada hadi pauni 20 ili kufidia zawadi, mmeuza tiketi kwa mlango wa nyuma. Hapo ni bahati nasibu. Haya ni ya England, Wales na Scotland. Ireland Kaskazini ina sheria yake.

Tiketi zikiuzwa kwa wanachama wenyewe tu, usajili hauhitajiki. Lakini droo ya wanachama tu haimvuti mgeni, kwa hiyo wengi wataishia kusajili.

Nendeni halmashauri ya eneo yalipo makao ya chama. Tume ya Kamari ni ya wakubwa: droo moja inayokusanya zaidi ya pauni 20,000, au 250,000 kwa mwaka. Jazeni fomu, ambatanisheni katiba, lipeni pauni 40, kisha 20 kila mwaka. Katiba ndiyo itakayosomwa kwa makini, maana chama kilichobuniwa ili kuchezesha bahati nasibu tu hakisajiliwi.

Kila tiketi iandikwe jina la chama, bei, tarehe ya droo, na jina na anwani ya msimamizi. Bei ni moja kwa wote. Ule mtindo wa "tano kwa bei ya nne" hauruhusiwi, hata kwa mteja wa siku zote. Walio chini ya miaka 16 wasiuziwe. Angalau asilimia 20 ya makusanyo iende kwenye shughuli za chama.

Droo ikishachezeshwa, mna miezi mitatu kupeleka taarifa halmashauri: makusanyo, zawadi, gharama na kilichobaki kwa chama. Husainiwa na wanachama wawili wenye miaka 18 au zaidi, walioteuliwa kwa maandishi, na nakala ya barua ya uteuzi huambatanishwa. Barua hiyo iandikeni kwenye kikao kilekile kinachopitisha droo, kamati ikiwa bado ukumbini.