Adjuvanti katika Chanjo za Nguruwe: Mambo Ambayo Mfugaji Anapaswa Kuyazingatia

Wafugaji wengi wa nguruwe katika kaunti za Busia na Kakamega huangalia jina la ugonjwa na tarehe ya mwisho wa matumizi wanaponunua chanjo, lakini ni wachache wanaouliza chanjo hiyo imechanganywa na nini. Virusi vilivyouawa, ambavyo hutumiwa katika chanjo nyingi, mara nyingi haviamshi kinga ya kutosha vikiwa peke yake. Ndiyo maana watengenezaji huongeza adjuvanti, yaani kiungo cha kuipa chanjo nguvu, kama vile chumvi za aluminiamu, zinazotumika tangu utafiti wa Alexander Glenny wa Uingereza mwaka wa 1926, au mafuta ya madini yaliyovurugwa na maji. Kiungo hicho huvuta chembe nyeupe za damu mahali palipodungwa, na mafuta hasa huiachilia chanjo polepole, hivyo mwili huendelea kutengeneza kingamwili kwa muda mrefu zaidi.

Katika ugonjwa wa miguu na midomo, chanjo yenye aluminiamu na saponini (adjuvanti itokanayo na mimea) inayowafaa ng'ombe humpa nguruwe kinga hafifu, ilhali ile ya mafuta humkinga vizuri zaidi. Kwa hiyo, usiwadunge nguruwe chanjo iliyobaki baada ya ng'ombe kuchanjwa kabla ya kumwuliza daktari wa mifugo.

Chanjo ya mafuta huharibika ikiganda, kwa sababu mafuta na maji hutengana. Ihifadhi kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, usiiegemeze kwenye barafu, na chupa iliyowahi kuganda usiitumie hata kama imeyeyuka na kuonekana nzima. Ikiwa baridi huwa nzito na hupita kwa shida kwenye sindano, hivyo iache ipoteze ubaridi kidogo, itikise taratibu, kisha udunge msuli wa shingo nyuma ya sikio, mahali palipo safi na pakavu. Sindano fupi huishia kwenye shahamu, na hapo chanjo haifanyi kazi ipasavyo. Uvimbe mdogo ni wa kawaida. Dozi ya pili isipuuzwe, maana bila hiyo kinga hufifia mapema.

Hata hivyo, adjuvanti haitatui kila tatizo. Kwa homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka wa 1921, chanjo za virusi vilivyouawa zimeshindwa hata zilipoongezewa adjuvanti za kisasa. Kinga ya kutegemewa bado ni kuwafungia nguruwe bandani, kuchemsha makombo ya hotelini kabla ya kuwalisha, na kukataa nguruwe wa bei ya kutupa anayetoka kwenye boma lenye vifo.

Tahadhari ya mwisho ni kwa anayeshika sindano. Ukijidunga chanjo ya mafuta kidoleni, hata tone dogo lisilouma, nenda hospitali mara moja, kwani mafuta hayo yanaweza kuziba damu na kidole kikapotea. Beba kisanduku cha chanjo umwonyeshe daktari.