Rangi nyepesi au iliyokoza? Namna ya kuamua chumba kwa chumba kabla ya kununua kopo

Ushauri unaosikika kila kona ni kwamba chumba kidogo kipakwe nyeupe, na rangi iliyokoza iachiwe chumba kikubwa. Ukiufuata bila kukagua chumba chenyewe, utapata vyumba vidogo vyeupe vinavyoonekana kijivu mchana kutwa, na sebule kubwa ya bluu iliyokoza inayohitaji taa saa 5 asubuhi. Mambo matatu yana uzito kuliko ukubwa wa chumba: mwanga unaoingia, saa unazokitumia, na hali ya ukuta. Yakague kwa mpangilio huu, na uchaguzi wa rangi yenyewe uje baadaye.

Hatua ya 1: Pima mwanga wa mchana

Chagua siku ya kawaida isiyo na mvua. Zima taa zote, fungua mapazia kama unavyoyafungua siku zote. Saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, simama na gazeti kwenye kona iliyo mbali zaidi na dirisha. Ukisoma maandishi madogo bila kukaza macho nyakati zote tatu, chumba kina mwanga mwingi. Ukisoma mara moja au mbili, ni cha wastani. Usipoweza kabisa, hicho ni chumba cha giza hata kama dirisha lake ni kubwa. Andika matokeo ya kila chumba.

Usitumie picha za simu kupimia. Kamera hujirekebisha yenyewe, ikikipa chumba cha giza mwanga ambao hakina.

Kisha tafuta sababu. Wavu wa mbu uliojaa vumbi hula mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo uoshe kwanza halafu upime upya. Veranda pana, mwembe ulio mbele ya dirisha, au ukuta wa jirani uliosimama mita moja na nusu kutoka kwako ni mambo ambayo kuosha hakuyaondoi. Tena vitu hivyo vina rangi yake: mwanga uliopitia majani huingia na ukijani, na mwanga uliogonga bati jekundu la jirani huupa ukuta mweupe wekundu hafifu. Ukiona nyeupe yako inageuka waridi kila mchana, angalia nje.

Mwelekeo nao una kanuni zake katika nchi zetu. Dirisha la mashariki hupata jua kali asubuhi kisha hupoa, na la magharibi hupigwa na jua la manjano kuanzia saa 9 hadi magharibi. Haya hayabadiliki mwaka mzima. Madirisha ya kaskazini na kusini ndiyo hubadilika. Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini. Hata hivyo linakuwa juu sana. Paa likitokeza sentimita 60, adhuhuri ya Juni hutia kivuli ukuta wa kaskazini kwa kama mita moja chini ya ukingo wake, na adhuhuri ya Desemba hutia kivuli ukuta wa kusini kwa kama mita mbili. Kwa hiyo vyumba vya kusini huishi zaidi kwa mwanga wa anga, ambao ni tulivu na una ubaridi kidogo. Rangi za kijivu na samawati hupoa zaidi humo. Krimu au rangi ya mchanga hukaa vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Jiulize chumba kinaonekana saa ngapi

Chumba cha kulala cha watu wanaoondoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku kinaonekana kwa taa karibu maisha yake yote. Kipimo cha gazeti hakina uzito mkubwa hapo, na rangi iliyokoza inaruhusiwa bila wasiwasi. Jiko, meza ya watoto ya kusomea na chumba cha kushonea ni kinyume chake: kazi hufanyika mchana, na ukuta unaomeza mwanga utaongeza matumizi ya umeme.

Nyeupe hairudishi mwanga ambao haikupewa. Ndiyo maana ukumbi wa katikati ya nyumba usio na dirisha, ukipakwa nyeupe, huonekana wa kijivu na uliochoka. Ukumbi kama huo ambao taa yake huwashwa wakati wote unaweza kupendeza zaidi kwa rangi ya udongo au kijani kilichokoza, mradi dari ibaki nyeupe.

Balbu ziamue mapema, kwa sababu rangi iliyokoza inazihitaji zaidi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800. Sebule ya mita za mraba 14 yenye kuta nyepesi hutosheka na balbu tatu hivi, na ikipakwa rangi iliyokoza weka tano, zikiwa zimetawanywa pembeni badala ya kurundikwa katikati ya dari. Soma pia namba ya Kelvin kwenye boksi. Balbu nyingi madukani ni za 6500, zenye mwanga wa kibluu. Ukiziwasha kwenye kuta za damu ya mzee, hudhurungi au rangi ya udongo, rangi hufa na kuwa kama kahawa iliyomwagiwa majivu. Rangi hizo zinataka balbu za 2700 hadi 3000, zenye mwanga wa manjano.

Kuhusu joto, msipoteze usingizi. Rangi ya ndani haikipashi chumba joto kwa kiasi utakachokihisi, kwa sababu jua haliigongi moja kwa moja isipokuwa kipande kilicho karibu na dirisha. Joto la nyumba hutoka kwenye bati, dari isiyo na kizuizi na kuta za nje. Huko nje ndiko rangi nyepesi inakoleta tofauti.

Hatua ya 3: Kagua ukuta kabla ya kuuahidi rangi iliyokoza

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na fundi rangi hulaumiwa kwa kosa ambalo lilikuwa ndani ya lipu tangu mwanzo.

Kwanza, umri wa lipu. Lipu mpya ya saruji isubiri wiki nne walau, na zaidi wakati wa masika. Ndani yake kuna unyevu na ukali wa saruji. Unyevu unapotoka nje huja na chumvi, ambayo hukauka juu ya rangi kama unga mweupe. Kwenye ukuta wa krimu huenda usiuone kabisa, lakini kwenye bluu iliyokoza unaonekana ukiwa mlangoni. Ukali huo pia hubabua baadhi ya rangi na kuacha mabaka yaliyopauka. Pwani, ambako mchanga wa bahari huingia kwenye lipu, tatizo hili huendelea kwa miaka.

Pili, unyevu. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, kama sentimita 20 juu ya sakafu, ukiziba kingo zote kwa tepu. Iache saa 24. Ukikuta matone upande uliogusa ukuta, maji yanapanda kutoka kwenye msingi au kuna bomba linalovuja. Usipake rangi yoyote hadi chanzo kirekebishwe. Kupaka rangi ya mafuta ili kuficha ni kuahirisha tu, kwani itavimba na kubanduka vipande vipande.

Tatu, mawimbi. Usiku, zima taa, egemeza tochi ukutani ili mwanga upite sambamba na ukuta. Kila kovu, alama ya mwiko na shimo la msumari litajitokeza. Ukuta wenye mawimbi mengi una njia mbili: piga skimu ya jipsam au puti na usugue kwa msasa namba 150 hadi 180, au tumia rangi nyepesi isiyong'aa. Rangi iliyokoza yenye mng'ao wa silki juu ya lipu mbovu ndiyo mchanganyiko mbaya kuliko yote.

Nyumba za kale za mawe ya matumbawe, Lamu, Mombasa na Zanzibar, ziweke kando. Kuta zake zilijengwa kwa chokaa na zinapaswa kupumua. Rangi za kisasa za plastiki hufungia unyevu ndani, na lipu hutoka nayo. Humo paka chokaa. Hesabu yake ya mwanga ni nzuri vilevile: vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta nyeupe zilipitisha mwanga wa kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, hadi ndani. Ukolezo uliletwa na milango, boriti na samani za mbao. Mpangilio huo unafaa hata kwenye nyumba ya tofali la saruji.

Hatua ya 4: Anza na vitu usivyobadilisha

Marumaru, milango, kabati za jiko na makochi ni ghali kuliko rangi, kwa hiyo rangi iyafuate. Chukua kipande cha marumaru au mto wa kochi uende nacho dukani. Marumaru yenye uwaridi huifanya krimu ya manjano ionekane chafu, na marumaru ya kijivu huifanya nyeupe yenye ubluu iwe baridi kama ya zahanati. Sakafu nyeusi na kuta zilizokoza kwa pamoja zinataka mwanga mwingi mno, afadhali ukoleze kimoja.

Hatua ya 5: Soma namba nyuma ya kadi

Kampuni nyingi za rangi huandika kiwango cha kuakisi mwanga kwa herufi LRV, kutoka 0 hadi 100. Nyeupe za kawaida ziko kati ya 80 na 90, na bluu ya usiku huwa chini ya 10. Chumba cha giza kinachotumika mchana kipe 70 kwenda juu. Cha wastani, 50 hadi 70. Chumba chenye mwanga mwingi, hasa cha magharibi, kinafurahia 35 hadi 60, kwani nyeupe tupu humo huumiza macho saa 10 jioni. Cha matumizi ya usiku, chagua upendacho.

Vyumba vya watoto wadogo navipendekezea rangi nyepesi hata pale mwanga unaporuhusu ukolezo. Mbu hupenda kutua palipo giza, na juu ya ukuta mweupe unamwona.

Usiamini kwamba iliyokoza huficha uchafu. Huficha alama za mikono na udongo mwekundu, lakini vumbi jeupe, vinyesi vya mijusi na mikwaruzo ya viti huonekana zaidi. Rangi iliyokoza isiyong'aa ikisuguliwa kwa kitambaa hubaki na doa linalong'aa lisilotoka.

Hatua ya 6: Jaribu kwenye ubao

Nunua kopo dogo la kila rangi, zisizidi tatu. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, kwenye vipande vya bodi vya sentimita 60 kwa 60, ukiacha ukingo mweupe wa sentimita 5, ili rangi ya zamani ya ukuta isilidanganye jicho. Subiri zikauke kabisa, kwani rangi ya maji mara nyingi hukauka ikiwa imekoza kuliko ilivyokuwa kwenye kopo. Zisimamishe kwenye kuta tofauti, uziangalie saa 2 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na saa 2 usiku chini ya balbu utakazotumia. Kumbuka kwamba kuta nne zikiangaliana rangi huongezeka nguvu. Ukisita kati ya mbili, chukua iliyo nyepesi zaidi kidogo.

Ukitaka ukuta mmoja tu uliokoza, usiuchague wenye dirisha: anga jeupe kandokando ya rangi nzito huchosha macho. Unaotazamana na dirisha ndio unaorudisha mwanga chumbani, uache mwepesi. Chagua wa pembeni, au ulio nyuma ya kichwa cha kitanda. Katika korido ndefu, koleza ule wa mwisho na korido itaonekana fupi.

Hatua ya 7: Piga hesabu, kisha paka

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8. Mzunguko ni mita 15, kuta ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Rangi nyepesi kwa mikono miwili inataka lita 7.6, yaani makopo mawili ya lita 4. Iliyokoza mara nyingi inataka mikono mitatu, lita 11.4, makopo matatu. Sababu iko kwenye besi, yaani rangi ya msingi ambayo dukani hutiwa rangi uliyochagua: besi ya rangi nyepesi imejaa unga mweupe unaofunika, na ya rangi nzito ina kidogo sana. Nyekundu, manjano na chungwa ndizo sumbufu zaidi. Praima (rangi ya kutangulizia) iliyotiwa ukijivu huokoa mkono mmoja.

Makopo yote yatengenezwe siku moja, kisha uyachanganye kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza, maana tofauti ndogo ya kopo na kopo kwenye rangi iliyokoza huonekana kama mstari katikati ya ukuta. Mkono wa kwanza zimua kwa maji asilimia 10 hivi, au kadiri kopo lisemavyo. Fanyeni kazi wawili: mmoja akate kona kwa brashi, mwingine amfuate na rola kabla ukingo haujakauka. Zimeni feni. Msisimame kula katikati ya ukuta, kwani mahali mlipoachia patabaki na alama ya mwingiliano.

Unaishi nyumba ya kupanga? Kumbuka kuwa kurudisha nyeupe juu ya rangi nzito kunataka praima na mikono miwili au mitatu, na mwenye nyumba anaweza kukudai gharama hiyo.

Rangi iliyobaki iweke kwenye chupa ya plastiki iliyojaa hadi shingoni, andika jina la rangi, namba yake, chumba na tarehe. Sehemu ikichubuka kwenye ukuta mwepesi, unapachika kwa brashi ndogo na haionekani. Kwenye ukuta uliokoza usipachike, paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona.