Somo: Kulinda Waifai ya Biashara Ndogo Bila Kuvunja Kibubu

Somo hili ni la wenye migahawa, steshenari, maduka ya dawa na ofisi ndogo za utalii hapa Moshi, na ndugu zetu wa Arusha pia. Kwenye migahawa mingi ya mjini utakuta karatasi juu ya kaunta yenye jina la waifai na nenosiri. Karatasi hiyo mimi hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba nenosiri hilohilo ndilo linalotumiwa na kompyuta ya mauzo, printa na kamera. Mteja anayesubiri chipsi mayai anakuwa ndani ya mtandao mmoja na hesabu zako zote.

Hatua ya 1: Ingia kwenye rauta, kile kifaa kinachosambaza waifai. Igeuze usome kibandiko cha chini. Utaona anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa na waifai. Rauta nyingi za zamani zimetoka kiwandani na neno admin kwenye jina na kwenye nenosiri, na kila mwenye nia mbaya analijua. Badilisha nenosiri hilo kabla ya jambo lingine lolote, kisha liandike kwenye daftari linalokaa kwako, mbali na kaunta. Hili si nenosiri la waifai. Ni ufunguo wa rauta yenyewe.

Hatua ya 2: Ulinzi na nenosiri. Kwenye menyu ya waifai tafuta aina ya ulinzi, yaani njia ya kuficha mawasiliano yako hewani. Chagua WPA2 yenye AES, au WPA3 kama ipo. WEP, ulinzi wa kizamani, ilishavunjwa tangu 2001, kwa hiyo rauta isiyojua zaidi ya hapo istaafu. Nenosiri la WPA2 huanzia herufi 8 hadi 63. Weka maneno manne au matano yasiyohusiana. Jina la duka na mwaka ni rahisi mno. Mtu anaweza kunasa mawimbi wakati simu yako inajiunga, akaenda nayo nyumbani, kompyuta yake ikabahatisha usiku kucha bila wewe kujua lolote. Urefu ndio unaomchosha.

Hatua ya 3: Zima visivyohitajika. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba ya siri bila kuandika nenosiri. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 ilifichuliwa kwamba rauta huikagua kwa vipande viwili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata. Zima pia Remote Management, yaani kuiongoza rauta ukiwa nje ya mtandao wako. Halafu sasisha programu ya rauta kutoka kwa mtengenezaji. Mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kiliingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa rauta za majumbani na ofisi ndogo kama zetu.

Hatua ya 4: Tenganisha wateja na biashara. Kama una muda wa hatua moja tu leo, fanya hii. Tafuta kwenye menyu maandishi Guest Network, yaani mtandao wa wageni. Washa, upe mtandao huo jina na nenosiri lake, na hakikisha hujaweka tiki kwenye ruhusa ya wageni kufikia mtandao wa ndani. Hilo ndilo nenosiri la kubandika ukutani.

Rauta yako haina sehemu hiyo? Tumia rauta ya zamani iliyolala kabatini kama ya pili. Mpangilio ndio unaowachanganya wengi: wateja wabaki kwenye rauta ya mbele, ile inayopokea intaneti, na biashara ikae kwenye rauta ya nyuma. Toa kebo kwenye tundu la LAN (la kuunganishia vifaa vya ndani) la rauta ya mbele, ichomeke kwenye tundu la WAN (la kupokelea intaneti) la rauta ya nyuma. Ukigeuza, wateja wakawa nyuma, wataweza kuvifikia vifaa vyako vya mbele. Anwani zisigongane: ya mbele ikiwa 192.168.1.1, ya nyuma iwe 192.168.10.1.

Sasa jaribu mwenyewe. Unganisha simu yako kwenye mtandao wa wateja, andika anwani ya printa kwenye kivinjari. Ukurasa wake ukifunguka, bado hujatenganisha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikificha jina la waifai si inatosha?*
Haitoshi, ndugu yangu. Simu zako zinapojiunga hulitaja jina hilo hewani, na programu za bure hulisoma. Acha lionekane, weka nguvu kwenye nenosiri.

*Shikamoo kaka. Nina saluni, natumia kirauta cha laini ya simu. Nifanyeje?*
Marahaba dada. Angalia menyu, vingine vina mtandao wa wageni. Kama chako hakina, kiache kiwe cha wateja, na kompyuta ya hesabu ipate intaneti kwenye simu yako kwa waya wa USB.

*Kijana wa kaunta ameacha kazi kwa amani kabisa. Kuna haja ya kubadilisha?*
Ipo, tena siku hiyohiyo: la waifai ya biashara na la rauta. Humtuhumu yeye, simu yake ikiibiwa stendi, nenosiri lako limeondoka nayo.

*Tuna ofisi ya utalii Arusha, tunahifadhi nakala za pasipoti za wageni kwenye folda ambayo kompyuta zote zinaifungua. Kuna shida?*
Kubwa, mkuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uzilinde taarifa hizo. Iwekee folda nenosiri, ifunguliwe na wanaoshughulikia safari tu, na nakala za wageni ambao huna tena sababu ya kuzitunza zifute. Anza na folda leo, rauta ifuate kesho asubuhi.