Maski ya spesa kwa mtoto mwenye pumu: jinsi ya kuchagua na kuishika

Inhela (kile kikopo cha dawa ya pumu cha kubonyeza na kuvuta) inaweza kuwa ile ile na dozi ile ile, alafu mtoto wa huyu anatulia na wa yule kifua kinapiga filimbi usiku kucha, na mara nyingi tofauti iko kwenye ile raba inayogusa uso. Mtoto ambaye hajafika miaka minne mitano huwezi kumwambia abane mdomo kwenye bomba avute taratibu, hawezi, ndo maana anapewa spesa yenye maski (spesa ni lile bomba pana linalochomekwa kwenye inhela, dawa inakaa mule kwanza ndo mtoto anaivuta), na maski ikiacha upenyo hata mdogo basi anavuta hewa ya pembeni na dawa inabaki mule mule kwenye spesa.

Tuanze na saizi maana hapa ndo watu wengi wanapigwa. Maski inatakiwa ianzie kwenye mfupa wa pua iishie kwenye kidevu, isiguse macho, isizidi kidevu. Usinunue kubwa eti atakua nayo, hii sio yunifomu ya shule. Kubwa inavuja, na pia ina nafasi tupu nyingi ndani, sasa kichanga wa kilo 5 pumzi yake moja ni kama mililita 30 hadi 50 tu, kwa hiyo nafasi ikiwa kubwa anajikuta anavuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe kabla dawa haijamfikia. Kampuni nyingine zimeweka rangi, mfano AeroChamber ya chungwa ni ya mpaka miezi 18 na ya njano ni mwaka 1 mpaka 5, ila mimi nasema uangalie uso wa mtoto wako kwanza, umri baadae.

Ukiwa duka la dawa, omba uiguse. Ibonyeze shavuni kwako kidogo tu, ukingo mzuri (silikoni laini hasa) unajikunja unalala kwenye ngozi bila kutumia nguvu. Ikikuchoma au ikisimama kama kikombe iache. Na ile maski ya mashine ya mvuke yenye matundu pembeni usiichomeke kwenye spesa, yale matundu yanapitisha hewa, hapo hujampa kitu.

Kumpa sasa. Mpakate mapajani, mgongo wake uegemee kifua chako, mkono mmoja umtulize kichwa. Tikisa inhela, ichomeke, weka maski usoni mpaka ikae kabisa, ndo ubonyeze, mara moja tu, alafu usiitoe, hesabu pumzi 5 au 6 huku unaangalia kile kivalvu (kile kipande chembamba kinachofunguka na kujifunga akivuta) kinacheza. Kisipocheza ujue kuna sehemu inavuja au mtoto amebana pumzi. Kama ameandikiwa pafu ya pili, yaani kubonyeza mara ya pili, tikisa tena uanze upya, usibonyeze mbili kwa mkupuo.

Kuna wanaosema akilia ndo vizuri, anavuta sana. Hapana jamani! Anayelia anatoa pumzi ndefu na kuvuta fupi fupi kwa haraka, dawa inaishia mdomoni na kooni anaimeza. Na ukiogopa kulia kwake ukaishika maski mbali kidogo na uso, nayo ni kupoteza dawa. Mzoeshe siku ambazo ni mzima, maski bila inhela, aichezee, amvalishe mdoli, avae mama, avae kaka, muimbe.

Spesa ikikosekana au bei ikikushinda, chupa ya maji ya ml 500 inafaa kweli, madaktari wa Cape Town walipima wakatoa majibu mwaka 1999: chupa iliyozibwa vizuri pale inapoingia inhela ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani, isiyozibwa ikawa chini yake, na kikombe cha plastiki ya povu, vile vyeupe vyepesi, kikawa cha mwisho. Umeona, ni habari ya kuvuja ile ile. Tundu linatobolewa kitakoni kwa waya wa moto uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, unazungushia gundi, na maski inakaa upande wa mdomo wa chupa. Mwonyeshe muuguzi kabla hujaitumia.

Kuosha ni mara moja kwa wiki, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Usiifute ndani kwa kitambaa, ukifuta unatengeneza umeme ule wa kusimamisha nywele na dawa inanasa ukutani. Maski yenyewe isuuze, sabuni isimuwashe. Kama dawa ni ile ya kuzuia, yenye steroidi, ukimaliza mfute uso umpe maji au ziwa.

Na ukiona mbavu zinabonyea ndani, ameshindwa kunyonya au kuongea, midomo imekuwa ya bluu, beba mtoto na spesa yake uende hospitali saa hiyo hiyo, dawa yake ya kufungua kifua unampa mkiwa njiani.