Somo: Kushona mfarishi wa vitenge bila kuumiza shingo na mikono

Hapa Tabora wengi tunashonea mfarishi, lile tandiko nene la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, mkekani chini ya mwembe, miguu imenyooshwa, kazi iko mapajani. Nusu saa haina neno. Ukishinda hivyo mchana kutwa, jioni shingo imekakamaa na usiku mkono unakufa ganzi.

1. Kaa kwenye kiti chenye egemeo. Nyayo zikining'inia, weka tofali. Kunja kanga uiweke nyuma ya kiuno.

2. Inua kazi ije kwako. Weka mto mapajani, viwiko vilale juu yake. Mfarishi wenyewe uulaze mezani au kwenye stuli, maana ukining'inia, mkono wa kushoto ndio unaoubeba siku nzima.

3. Acha kubana sindano. Naamini hapa ndipo mikono yetu inapoumia zaidi, hasa kwenye maungio ambapo vitambaa vimepandana na sindano inagoma. Isukume kwa kidole cha kati kilichovaa subana, kile kikofia cha chuma. Ikitokeza upande wa pili, ivute kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Mpira unaishika sindano barabara, vidole havikazani. Halafu nta ya nyuki! Warina asali tunao, omba bonge. Pitisha uzi juu yake mara mbili: utateleza kwenye kitambaa na hautajisokota.

4. Uzi ndio saa yako. Kata wa dhiraa moja tu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukiisha, kabla ya kutunga mwingine, fumba ngumi taratibu, tandaza vidole, zungusha mabega, tazama mbali. Baada ya nyuzi nne au tano, inuka utembee.

5. Mkasi butu unatesa dole gumba. Unoe.

MASWALI

Kutoka Isevya: Shikamoo mama. Usiku dole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, kidole cha mwisho kizima. Ni baridi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Si baridi. Kuna neva inayopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono kwenda vidole hivyo. Cha mwisho kina neva yake. Kifundo kikikunjwa muda mrefu, ile ya kwanza inabanwa. Shona kikiwa kimenyooka, na usiulalie mkono. Ganzi ikiendelea wiki kadhaa, au vitu vikianza kukuponyoka, nenda hospitali mapema, kwani neva ikibanwa sana nguvu ya dole gumba hairudi kirahisi.

Kutoka Ipuli: Mikono imekauka, inakwaruza uzi. Nipake mafuta?

Jibu: Paka usiku ukishamaliza. Ukipaka mchana utatia doa, na sindano itateleza ukaanza kuibana tena.

Kutoka Nzega: Mwangaluka! Mimi ni wa cherehani ya kukanyaga, naumwa kiuno upande mmoja.

Jibu: Mwangaluka dada. Angalia kiti chako. Wengi hukaa katikati ya meza wakati sindano iko pembeni, mwili ukapinda. Sogeza kiti mpaka sindano iwe mbele ya kifua, ukanyage kwa miguu yote miwili.