Komunyo kwa mgonjwa asiyetoka nyumbani

Usingoje padre asikie kwa watu. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, naye apeleke jina parokiani: mgonjwa ni nani, nyumba iko wapi, anameza vizuri au la, saa ngapi huwa macho. Wengi husahaulika kwa sababu tu kila mtu alidhani mwenzake ameshasema.

Siku ya Komunyo, weka meza ndogo karibu na kitanda: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, glasi ya maji na kijiko. Kama anatumia oksijeni, mshumaa usiwashwe kabisa. Zima redio, muinue kwa mito akae wima, mdomo uwe umeloweshwa. Kinywa kikikauka hostia, yaani mkate wa Komunyo, hunata kwenye kaakaa na kumkaba. Kipande kidogo tu kinatosha, kisha kijiko cha maji. Asiyeweza kumeza kigumu anaweza kupewa Damu ya Kristo, yaani divai iliyogeuzwa, ila padre ajue mapema. Ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haimhusu mgonjwa wala anayemuuguza, basi asinyimwe uji wala dawa.

Akitaka kuungama, omba padre mwenyewe, maana mhudumu mlei, asiye padre, anayeleta Komunyo hawezi kuungamisha. Wengine mtoke chumbani. Mpako wa Wagonjwa nao usicheleweshwe hadi roho inatoka. Ni sakramenti ya mgonjwa aliye hai, na hali ikizidi hurudiwa.

Jumuiya isali kwake mara mojamoja, kwa ufupi, na yeye achague wimbo.