Kioo cha nyuma kikivunjika Uganda: bima italipa nini na wewe utalipa nini

Mkenya au Mtanzania anayehamia Kampala na gari lake huuliza mambo mengi anapokata bima. Huuliza kuhusu wizi, kupinduka, kuungua, na kama boda boda akimparaza mlango itakuwaje. Kioo cha nyuma hakiulizwi. Kisha siku moja, katika foleni ya Wandegeya, pikipiki inamwingia kwa nyuma. Au mfyekaji nyasi kando ya barabara anarusha kokoto kwa mashine yake, na kioo kizima kinamwagika ndani ya buti kama chumvi ya mawe. Hapo ndipo mtu anapotafuta hati yake ya bima na kuisoma kwa mara ya kwanza.

Ninaandika haya kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Uganda, kuanzia wanafunzi wa Kansanga hadi wafanyabiashara wanaoshinda kati ya Kampala na Busia, kwa sababu nimewaona wengi wakilipa kutoka mfukoni gharama ambayo wangeweza kulipiwa. Karibu kila mara sababu ni moja: swali halikuulizwa siku ya kutia saini, na baada ya kioo kuvunjika hakuna la kubadilisha.

Stika ya lazima haihusiki na kioo chako

Bima ya lazima ya Uganda inatokana na sheria ya mwaka 1989 ya bima ya magari kwa madhara ya mtu wa tatu. Inachokatia bima ni kifo au majeraha ya mwili. Mali haimo. Hata kama mwenye pikipiki aliyekuvunjia kioo ana stika halali ya bima hiyo, isiyoisha muda, stika hiyo haitakulipa hata shilingi moja kwa kioo. Na ukirudi nyuma wewe ukavunja kioo cha mwenzako huku una stika hiyo tu, utamlipa mwenyewe.

Hili huwashangaza sana watu waliotoka Kenya na Tanzania, kwa sababu huko bima ndogo kwa kawaida hubeba pia uharibifu wa mali ya mtu mwingine hadi kiasi fulani. Wengi husimama barabarani Kampala wakimwambia dereva wa taksi, "Nipe bima yako," wakidhani mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Ukiwa na bima ndogo tu, mnabaki wawili: aliyevunja na aliyevunjiwa. Mkikubaliana akulipe, andikianeni mbele ya polisi, kiasi na tarehe viwe kwenye karatasi, na nambari ya pikipiki au gari lake iandikwe pia. Maneno ya barabarani husahaulika mara tu foleni inapoanza kutembea.

Lakini kama una bima kubwa, ile inayobeba pia gari lako mwenyewe, usikimbilie kupokea pesa za "yaishe" wala kutia saini karatasi ya kumsamehe mtu kabla hujazungumza na kampuni yako. Kampuni ikishakulipa, ina haki ya kumdai aliyesababisha hasara kwa niaba yako. Ukiwa umeshamsamehe kwa maandishi, umeinyima haki hiyo, na inaweza kukataa kukulipa. Huruma ni nzuri, ila karatasi isubiri.

Kadi ya Manjano nayo haihusiki

Kwa wanaovuka na gari lenye namba za nyumbani kupitia Malaba, Busia au Mutukula, Kadi ya Manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) ndiyo bima ya kuvukia mpaka, na Tanzania imo katika mpango huo ingawa ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Kazi ya kadi hiyo ni kubeba dhima yako kwa watu wengine ukiwa nchi ya ugenini, pamoja na matibabu ya dharura ya waliomo garini. Kioo cha gari lako mwenyewe si kazi yake.

Kioo kinabebwa na bima kubwa uliyokata nyumbani, na hiyo ina mipaka ya eneo. Hati nyingine zinataja Kenya pekee au Tanzania pekee, na safari ya kuvuka mpaka huongezwa kwa ombi, wakati mwingine kwa ada kidogo. Omba nyongeza hiyo kabla ya safari, uipate kwa maandishi. Simu kwa wakala ukiwa tayari Tororo haitoshi.

Na hapa pana mtego wa majina. Utaona Britam, ICEA LION au CIC Nairobi, kisha uone jina lilelile kwenye jengo la Kampala. Usidhani ni dirisha jingine la kaunta ileile. Kila nchi ina kampuni yake iliyosajiliwa na kupewa leseni na mdhibiti wa nchi hiyo, na hati ya Nairobi hailipwi na ofisi ya Kampala kwa sababu tu nembo ni moja. Gari likiwa limehamia Uganda kabisa, si la kuja na kurudi, kata bima ya Uganda.

Kifungu cha vioo: soma hiki hata kama hutasoma kingine

Bima kubwa Uganda hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme gari lako lina thamani ya shilingi milioni 40 na umepewa kiwango cha asilimia 4: hiyo ni shilingi 1,600,000, na juu yake VAT ya asilimia 18, yaani 288,000, kisha ushuru wa stempu na tozo ndogo ndogo. Mtu akishatoa fedha hizo hudhani gari zima, kuanzia taa hadi buti, limelindwa sawasawa. Sivyo. Vioo mara nyingi vina kifungu chao peke yao, chenye kikomo chake.

Kwanza tazama kifungu kinataja vioo gani. Kuna hati zinazosema kioo cha mbele na madirisha, na hizo ziko wazi: cha nyuma kimo. Kuna nyingine zinazotaja kioo cha mbele tu, na siku ya madai mtu wa ofisini atazisoma neno kwa neno. Usikubali jibu la mdomo la wakala kwamba "vioo vyote vimo, mzee." Mwandikie barua pepe yenye swali moja: je, kifungu hiki kinabeba kioo cha nyuma? Jibu lake lihifadhi pamoja na hati. Vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma na kioo cha paa huwa na masharti yake, kwa hiyo viulizie kwa jina.

Kisha kikomo. Kama kifungu kinalipa hadi shilingi milioni 1, na kioo pamoja na ufundi ni milioni 1 na nusu, nusu milioni ni yako. Wenye Harrier, Prado au gari lolote ambalo kioo chake cha nyuma kina nyaya za kupasha joto, antena na tundu la waipa wasikubali kikomo cha kawaida bila kwanza kuulizia bei ya kioo chenyewe dukani. Kikomo huweza kupandishwa kwa nyongeza ya ada, na kwa maoni yangu hakuna nyongeza yenye faida kuliko hii kwa mwenye gari la namna hiyo.

Uliza pia kuhusu sehemu unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na kuhusu punguzo la kutodai, yaani ada kupunguzwa kwa sababu hukudai chochote mwaka uliopita. Faida kubwa ya kifungu cha vioo ni kwamba kikivunjika kioo peke yake, kampuni nyingi hulipa bila kukukata sehemu hiyo na bila kukufutia punguzo lako. Ila zingatia neno "peke yake." Pikipiki ikikunja na mlango wa buti, hilo si dai la kioo tena bali ni dai la ajali: sehemu yako utaibeba, na punguzo la mwaka ujao liko hatarini. Mlango ukiwa umebonyea kidogo tu, piga hesabu kabla ya kujaza fomu, kwa sababu kuunyoosha kwa pesa zako na kudai kioo tu kunaweza kukugharimu kidogo zaidi. Mweleze mkadiriaji wa hasara wa kampuni ukweli wote, kisha umwambie ni kipi unachodai.

Ghasia ni jambo la kuulizwa peke yake. Mtu aliyekuwa Kampala wakati wa machafuko ya Novemba 2020 hahitaji kuelezwa jinsi kioo kinavyoweza kupotea katika dakika moja. Ghasia na vurugu za kisiasa kwa kawaida hutengwa katika hati ya msingi na kuongezwa kwa ada. Kama unaegesha katikati ya mji, iongeze.

Na wezi wakivunja kioo kuchukua kompyuta iliyokuwa kwenye buti, bima ya gari huangalia kioo, si kompyuta.

Kioo chenyewe, na kwa nini hakizibwi

Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizobandikwa plastiki katikati, ndiyo maana hupata ufa na kubaki mahali pake, na ufa mdogo huweza kuzibwa. Cha nyuma, katika magari mengi, ni kioo kilichopashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kisha kikapozwa ghafla kwa hewa. Hupata nguvu sana, lakini kikipasuka mahali pamoja, kinasambaratika chote kuwa chembe zisizo na makali. Hakuna kuziba. Pia hakikatiki tena baada ya kutengenezwa, kwa hiyo fundi akikuambia atakukatia kioo kikubwa kidogo kikae sawa, anachokuwekea si kioo cha aina hiyo. Kataa.

Magari mengi ya Uganda ni mitumba kutoka Japani, na spea zake zinapatikana Kisekka na Ndeeba, kama Grogan ilivyo kwa watu wa Nairobi. Kioo cha mtumba kizuri si aibu. Tazama maandishi madogo kwenye kona, kwa mfano kampuni ya vioo ya Asahi huandika "Temperlite" kwenye vioo vyake vya aina hii. Hesabu nyaya za joto na uhakikishe hakuna uliokatika. Angalia pia kama kimechorwa namba ya gari jingine, maana wenye magari wengi huchora namba zao kwenye vioo. Kioo chenye namba ya mtu mwingine kitakuletea maswali kwenye kizuizi cha polisi, na huenda kiliibwa.

Siku yenyewe

Piga picha kabla ya kufagia chembe: gari zima na namba yake, tundu la kioo, mahali ulipo. Pata ripoti ya polisi, hasa kama ni wizi au kugongwa. Toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo, kwa maandishi. Usinunue wala usifunge kioo kabla ya kupata idhini, kwa sababu kampuni hutaka kwanza kuona uharibifu na profoma, yaani karatasi ya makadirio ya gharama, na nyingi zina gereji zao. Ukiruhusiwa kununua mwenyewe ili urudishiwe, uliza mapema kama watadai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mfumo wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Si kila duka la Kisekka litakupa.

Ukiendesha gari likiwa na karatasi ya nailoni nyuma, kumbuka moshi wa ekzosi huvutwa ndani kupitia tundu hilo. Moshi huo una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu na yenye kuua. Fungua madirisha ya mbele, nenda mwendo mfupi, na usiwalaze watoto kiti cha nyuma. Trafiki nao wanaweza kukusimamisha kwa gari bovu.

Kwa walioko Doha au Dubai huku gari limebaki Kampala kwa shemeji: hakikisha anayeliendesha ana leseni halali na anaruhusiwa na hati yako, na muachie barua ya kukuwakilisha kwenye madai. Nakala ya hati awe nayo yeye, si wewe tu. Ada ya bima ilipwe kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya wakala.

Kampuni ikikataa, idai sababu kwa maandishi pamoja na kifungu inachokitegemea. Usiporidhika, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda ina ofisi ya malalamiko katika jengo la Insurance Tower, barabara ya Lumumba, Kampala. Nenda na hati, ile barua pepe ya wakala, picha na barua ya kukataliwa. Malalamiko yenye karatasi husikilizwa haraka kuliko yenye hasira, na uraia wako hauna uhusiano na haki yako hapo: uliyelipa ada ni wewe.

Kioo kipya kikishafungwa, washa nyaya za joto na redio ukiwa bado gereji, mwagia maji kingo zote na utazame ndani kwa tochi. Magari mengi yasiyo na mpira wa kushikia hufungwa kioo kwa gundi inayohitaji muda kukauka, hivyo muulize fundi usubiri kwa saa ngapi, acha dirisha moja wazi kidogo, funga milango polepole, na usipeleke gari kuoshwa kwa mashine kwa siku mbili.